Kufunga ethi kwenye laini ya SGR: kwa fundi mwanafunzi

Waya wa juu wa SGR (reli ya kisasa) ya Tanzania hubeba volti 25,000. Kuzima swichi hakutoshi: laini ya jirani yenye umeme inaweza kuupa waya uliozimwa volti za kuua. Ndiyo maana hufungwa ethi, yaani kebo yenye klampu (kibanio) kila mwisho, inayounganisha waya na reli ili umeme uende ardhini. Ukiwa na msimamizi wako, subiri kibali cha maandishi. Hakiki kipima volti kabla na baada ya kupima, maana kifaa kibovu nacho hukaa kimya.

Anza na klampu ya reli iliyoteuliwa. Kwangua kutu mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upandishe klampu ya pili kwenye waya kwa fimbo ya kuhami. Ukigeuza mpangilio huo, umeme unaweza kupita mwilini mwako! Funga pande zote mbili za eneo la kazi. Wakati wa kufungua, ya juu hutangulia.