Kibodi ya vipande viwili: pima kidole gumba kabla ya bei

Kabla hujaniuliza ununue ipi kati ya kibodi hizi zilizogawanywa nusu mbili, moja kwa kila mkono, niambie unaandika nini kutwa. Mimi ni mtafsiri. Asubuhi hadi jioni ni Kiswahili, na Kiswahili hakiishiwi herufi A. Kwenye mpangilio wa kawaida A ametwishwa kidole kidogo cha kushoto, kinyonge kuliko vyote. Basi kila kibodi naitazama kwa jicho hilo: nikiihamisha A, itakaa wapi?

Mara nyingi ni chini ya kidole gumba, na hapo ndipo kibodi hizi zinapoachana. Aina iitwayo Voyager ina vitufe viwili vya gumba kila upande, Corne vitatu, Moonlander vinne, Kinesis Advantage360 sita. Usivutwe na wingi. Mwenye gumba fupi, kama mimi, vile vya mbali atavifikia kwa kuuvuta mkono mzima, na mkono ndio tunaotaka kuupumzisha.

Kwa hiyo pima kwa karatasi. Pakua mchoro wa kibodi, uchapishe kwenye A4 kwa asilimia 100, kisha uhakikishe kwa rula: kwa kibodi nyingi za swichi (vibonyezo vilivyo chini ya vitufe) za aina ya MX, katikati ya kitufe hadi katikati ya jirani yake ni milimita 19 hivi. Weka viganja, fumba macho, gusa kila kitufe. Kwa Kinesis karatasi haitoshi, maana vitufe vyake vimezama kama ndani ya bakuli.

Idadi ya vitufe nayo ina gharama yake. Moonlander ina 72, Voyager 52, Corne 42. Corne haina mstari wa namba: unashikilia kitufe cha gumba, herufi zinageuka tarakimu. Mhasibu ataichukia kabla ya chakula cha mchana. Mimi inanifaa, na mahali pa Q nimeweka kile kialama cha ng'ombe na ng'ambo. X pia siihitaji kwa kuandika, lakini nimeiacha, kwa sababu Ctrl+X ya kukata maandishi naitumia kila saa.

Mpangilio ukishaingizwa unabaki ndani ya kibodi yenyewe, hivyo hata kompyuta ya ofisini usiyoruhusiwa kuwekea programu itakutii. Moonlander na Voyager hupangwa kwa Oryx, tovuti ya kupangia vitufe, kwenye kivinjari tu. Corne kwa kawaida ni QMK au ZMK, programu huria zinazokaa ndani ya kibodi, na hapo utasoma maelekezo kidogo.

Swichi fupi za Choc, kama za Voyager, hazibadilishani na za MX, kwa hiyo angalia kabla ya kuagiza akiba. Corne mara nyingi huuzwa vipandevipande. Fundi simu mzuri ataweza kuilehemu, ila mpe mchoro. Ukiagiza nje, ulizia ushuru mapema. Na kama nusu mbili zimeungwa kwa kebo ya TRRS (yenye ncha kama ya vipokea sauti vya simu), chomoa USB kwanza ndipo uiguse, la sivyo unaweza kuunguza saketi.