Kabla ya kununua lukasa au msalaba wa shaba mjini Lubumbashi

Mtu akikuletea lukasa, ule ubao wenye shanga ambao Waluba huutumia kukumbuka historia yao, au msalaba wa shaba unaodaiwa kutoka makaburi ya kale ya Sanga, karibu na Ziwa Kisale, usianze kuuliza kama ni wa kale. Muulize ulitoka kijiji gani, ulikuwa mikononi mwa nani na uliondokaje huko, kisha andika majibu yake, maana maelezo ya kubuni hubadilika muuzaji anapoulizwa upya baada ya siku chache.

Ukale peke yake hauthibitishi lolote. Mwaka 2012 Karen King wa Chuo Kikuu cha Harvard alitangaza kipande cha mafunjo chenye maneno ya Kikopti, lugha ya zamani ya Misri, yanayomtaja mke wa Yesu. Vipimo vikaonyesha kwamba mafunjo yenyewe yalikuwa ya kale, lakini mwaka 2016, historia ya umiliki wake ilipochunguzwa, profesa huyo alikubali kwamba yaelekea maandishi hayo yalighushiwa. Vivyo hivyo, kipimo cha kaboni hueleza mti ulikua lini, si ubao ulichongwa lini, na shanga za zamani zinaweza kupigiliwa juu ya ubao mpya.

Lukasa hushikwa kwa mkono wa kushoto na kusomwa kwa kidole cha mkono wa kulia, kwa hiyo ubao uliotumika hulainika pale mikono ilipopita. Ukiwa na weusi wa namna moja hadi ndani ya nyufa, shuku kwamba umepakwa. Mafundi wetu ni hodari, na kuchonga nakala si kosa, mradi iuzwe kama nakala.

Kwenye msalaba, kutu ya kijani iliyotengenezwa kwa asidi mara nyingi hutoka kwa urahisi inaposuguliwa. Hata hivyo, msalaba halisi uliong'olewa kaburini bila kumbukumbu umepoteza sehemu kubwa ya maana yake: huko Sanga, kulikochimbwa mwaka 1957 na 1958, ni ukubwa wa misalaba na mahali ilipolazwa mwilini, kama vile karibu na mkono au nyonga, vilivyowawezesha wanaakiolojia kueleza jinsi ilivyogeuka kuwa pesa.

Mwisho, geuza kitu chenyewe utafute namba ya makumbusho. Ukiona imekwanguliwa, usilipe chochote, kwa sababu kitu halisi kilichoibwa kitakuletea matatizo makubwa kuliko cha bandia. Sheria ya nchi kuhusu mali za utamaduni ipo tangu mwaka 1971. Omba ruhusa ya kupiga picha uzipeleke Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, na muuzaji akikataa, mwache aondoke na kitu chake.