SOMO: Pima mwitikio wa mfumo kwanza, ndipo uguse P na I

Wakuu, swali la "joto linapanda linashuka, halitulii, niweke namba ngapi?" limeulizwa humu mpaka nimechoka kulijibu. Namba zenyewe ni mbili za kontrola: P inasahihisha kosa la sasa hivi, I inasahihisha kosa linalojikusanya kadiri muda unavyokwenda. Naandika mara moja. Mfano nautoa kwenye maziwa, maana Tanga hii kila fundi ana jamaa anayeshughulika na maziwa: mvuke wa boila unapasha maji, maji yanapasha maziwa hadi digrii 72 kwa sekunde 15. Kontrola inasoma sensa ya joto la maziwa na kufungua valvu ya mvuke.

1. Pitisha maji matupu, si maziwa. Pampu ziende kwa kasi ya kazi ya kila siku.

2. Toa kontrola kwenye oto (kujiendesha yenyewe), uiendeshe kwa mkono. Ukiiacha kwenye oto utakuwa unapima namba zako mbovu za zamani.

3. Subiri joto litulie. Kutulia kweli, si "naona kama limetulia".

4. Fungua valvu kwa mkupuo mmoja, kutoka asilimia 40 hadi 50. Andika saa.

5. Andika joto kila sekunde 10 mpaka litulie tena. Kalamu na karatasi vinatosha.

6. Soma mambo matatu. Tuseme joto limetoka 66 likatulia 74: digrii 8 kwa asilimia 10 za valvu, yaani nguvu ya mfumo ni 0.8. Sekunde 20 za mwanzo halikusogea kabisa. Huo ni muda wa kimya. Sasa tafuta lilipofika asilimia 63 ya safari: 66 jumlisha 5, yaani 71. Limefika hapo sekunde ya 140. Toa 20 za kimya, zinabaki 120. Hiyo ndiyo tau.

7. Chagua unataka mfumo ujibu kwa kasi gani ukiwa kwenye oto. Anza na kasi ileile ya tau, 120. Jumlisha na kimya cha 20, unapata 140. P ni tau gawanya kwa (0.8 mara 140), unapata kama 1.07. I ni tau yenyewe, sekunde 120.

8. Ingiza namba. Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo soma taratibu. Fungua kitabu cha kontrola YAKO uone I inahesabiwa kwa nini. Zipo za sekunde: weka 120. Zipo za dakika: weka 2. Zipo zinazotaka marudio kwa dakika: hapo ni 0.5, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo I inavyokuwa kali, kinyume cha zile mbili. Mtu akiweka 2 kwenye kontrola ya sekunde, ameifanya I kali mara 60. Utaiona valvu inavyohangaika: shina linazama hadi chini, linachomoka hadi juu, bomba linagonga, na joto linayumba kama daladala ya dereva anayejifunza breki. Watu wakiona hivyo wanalaumu valvu, wanaifungua, wanabadilisha gasketi nzima kabisa! Na P nayo ina mtego wake. Kontrola nyingine hazitaki P, zinataka upana wa uwiano, ambao ni 100 gawanya kwa P. Sensa ikiwa ya digrii 0 hadi 100, ile 1.07 inakuwa kama asilimia 93. Upeo wa sensa ukiwa tofauti, piga hesabu upya. Usinakili 93 yangu.

9. Rudisha oto, sogeza lengo digrii 2, tazama.

MASWALI

Kijana_wa_Pongwe: Somo zuri mkuu ila refu. Yangu inayumba, nipe tu P na I.

Mwandishi: Tau yako ngapi?

Kijana_wa_Pongwe: Sijapima.

Mwandishi: Basi sina cha kukupa.

Binti_Makorora: Shikamoo kaka. Chuoni tunafundishwa zeta (kipimo cha jinsi kuyumba kunavyozimika) na kupitiliza lengo. Hapa vinaingia wapi?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Ukifunga mzunguko kwa P na I, mfumo uliokuwa wa daraja la kwanza (usioyumba wenyewe) unakuwa wa pili (unaoweza kuyumba), na zeta inaanza kuwa na maana. Kwa mfumo safi wa daraja la pili, zeta ya 0.5 inapitiliza kama asilimia 16, ya 0.7 haifiki 5, ya 1 haipitilizi. Ila asilimia hizo ni za mruko, si za joto lenyewe. Ukihamisha lengo kutoka 68 hadi 72, asilimia 16 ni digrii 0.64, si digrii 11 na ushee. Chora mchoro wako, pima kilele, kisha tafuta zeta kinyumenyume. Ukiuleta hapa nitauangalia.

Fundi_Ngamiani: Kwa nini nisitumie P peke yake? I ndiyo inayoleta kuyumba.

Mwandishi: Jaribu basi. Kwa namba za hapo juu, ukitoka 68 kwenda 72 joto litagota karibu 69.8 na kubaki hapo. Ukiongeza P pengo linapungua lakini haliishi, na kile kimya cha sekunde 20 kitakuletea kuyumba kulekule unakokukimbia.

Mzee_wa_Mvuke: Sisi tulitumia kanuni za Ziegler na Nichols za kupanga P na I miaka yote.

Mwandishi: Mzee wangu, siwapingi. Ni kanuni za 1942, na walilenga kila wimbi liwe robo ya lililotangulia. Kwa kuzima usumbufu haraka ni nzuri. Lakini ukisogeza lengo, wimbi la kwanza linaweza kupitiliza karibu nusu ya mruko, na maziwa yakigusa bamba la moto mno yanaganda pale. Kazi ya kusugua unaijua.

Fundi_Ngamiani: Nje ya mada kidogo. Sensa yangu ya joto, Pt100 (ile inayopima kwa ukinzani wa umeme), inasoma juu kuliko kipimajoto cha mkono, digrii 2 au 3.

Mwandishi: Uko karibu na bahari? Angalia skrubu za nyaya, chumvi inakula. Pt100 inaongezeka kama omu 0.385 kwa digrii, kwa hiyo omu moja ya kutu inakudanganya digrii 2.6 kwenda juu. Nyaya tatu hazikuokoi kama kutu iko kwenye skrubu moja tu. Simamisha maziwa mpaka urekebishe: skrini ikisema 72, huenda yamepata 69 tu. Na ukiwa hapo, hakikisha sensa imegusa kitako cha kifuko chake. Ikielea hewani, tau uliyopima ni ya hewa.