Jogoo wa mbegu mchague saa nane mchana

Hii nimeipata kwa mfugaji mwenzangu wa Mbagala. Kati ya Desemba na Machi, joto la Dar likipamba moto, ingia bandani saa nane mchana. Jogoo anayehema mdomo wazi, mbawa kazitanua, huyo wa kitoweo. Anayeendelea kuchakura, mfunge uzi mguuni. Mbegu ndiyo hiyo. Mara nyingi utakuta ni kishingo, maana shingo isiyo na manyoya hupoza mwili haraka, na jeni yake inatawala: hata ukimpandisha kwa mitetea ya kawaida, vifaranga kama nusu au wote hutoka vishingo. Kuku aliyezidiwa na joto hula kidogo, kinga ya mwili hushuka, hata chanjo haimshiki vizuri. Ila kuvumilia joto na kustahimili kirusi cha kideri (ugonjwa wa Newcastle) ni sifa mbili tofauti, na kila moja hurithiwa kwa sehemu tu. Kideri kikali hakichagui shingo, kwa hiyo tone la I-2, chanjo ya kideri, jichoni kila baada ya miezi 3 liko palepale. Na usiwapime wengine wakiwa kivulini, wengine juani. Utamwonea jogoo wa watu.