Maumivu ya Kifua kwa Mtu Mzima Ndani ya Hospitali ya Watoto: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Hospitali ya watoto imejaa watu wazima: wazazi wasiolala, mabibi na mababu waliokuja kuona wajukuu, na wahudumu wenyewe. Mmoja wao akishika kifua, muda usipotee kwa kuulizana anamhusu nani. Iandikwe mapema nani anaitwa, kwa namba ipi, na anakuja na nini mkononi.

Cha kuangalia kwanza ni aspirini. Watoto kwa kawaida hawapewi kwa kuhofia ugonjwa wa Reye, ugonjwa adimu unaodhuru ubongo na ini, hivyo wodini huenda isiwepo hata kidonge kimoja. Ilhali mtu mzima anayeshukiwa kupata mshtuko wa moyo, asiye na mzio nayo wala dalili za kuvuja damu, anahitaji kutafuna miligramu 300 mapema. Kiwepo kisanduku cha watu wazima chenye dawa hiyo, mkanda mpana wa presha na pedi za watu wazima za mashine ya kushtua moyo. Baadhi ya pedi za watoto hupunguza nguvu ya umeme, na kifua kikubwa hakitasaidika nazo.

Kipimo cha umeme wa moyo kifanyike ndani ya dakika 10. Mashine huenda ipo. Kazi ni msomaji, maana daktari wa watoto anaweza kumaliza miaka bila kusoma cha mtu mzima. Mkubaliane mapema na hospitali yenye wataalamu wa moyo ili mtume picha na kujibiwa papo hapo. Mpango unaosema tu “apewe rufaa” si mpango. Itajwe hospitali gani, gari lipi, na kama mshipa wa moyo ulioziba unaweza kuzibuliwa huko ndani ya dakika 120. Isipowezekana, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ifikiriwe.

Moyo ukisimama, timu isifuate mazoea ya watoto ya mikandamizo 15 ya kifua kwa pumzi 2. Kwa mtu mzima ni 30 kwa 2, kina cha sentimita 5 hadi 6, na mashine ya kushtua ifike haraka. Hili hufanyiwa mazoezi.

Wahudumu wajue pia kwamba mama mwenye kisukari anaweza kulalamikia uchovu, jasho au tumbo la juu tu, akakataa kumwacha mwanawe. Muuguzi wa kubaki na mtoto apangwe kila zamu, na simu ya ndugu wa pili iandikwe kwenye faili tangu siku ya kulazwa.