Maonyesho ya kadi za kale za besiboli wakati soko limelala

Soko la kadi za kale za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, likichangamka, ukifika kwenye meza ya muuzaji unakuta watu watatu wamekutangulia. Likidorora, muuzaji mwenyewe anakuvutia kiti. Mimi nakwambia nenda kwenye maonyesho wakati soko limelala.

Beba pesa taslimu na jiwekee kiwango kabla hujatoka nyumbani. Muuzaji amelipia meza, hoteli na mafuta, kwa hiyo noti zilizo mkononi mwako zina uzito. Pitia pia bei ambazo kadi zimeuzwa kweli mnadani miezi ya karibuni. Bei anazotaja mwenye mali ni ndoto zake tu.

Utawakuta walionunua mwaka 2021, bei zilipopaa na PSA, kampuni inayokagua kadi, kuzipa alama na kuzifunga kwenye makasha ya plastiki, ikazidiwa na kadi hadi ikasitisha kupokea nyingi. Hao bado wanataka warudishiwe pesa yao. Usibishane nao. Tafuta yule mwenye maboksi ya kadi zisizo kwenye makasha, aliyezinunua zamani kwa bei ya kutupa. Huyo ana nafasi ya kupunguza.

Kadi ya nyota Mickey Mantle, ya kampuni ya Topps ya 1952, iache. Moja iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022, na wenye nazo hawana haraka. Mimi hutafuta wachezaji wa kawaida: T206, yaani kadi za pakiti za sigara za miaka ya 1909 hadi 1911, zenye tangazo la sigara za Piedmont au Sweet Caporal mgongoni, au zile Topps za 1952 kuanzia namba 311, ambazo ni adimu hata kama hakuna anayemjua mchezaji. Pembe zikiwa zimelika, sawa tu.

Sasa kukagua, na hapa usikubali kuharakishwa. Omba ruhusa ya kuitoa kadi kwenye mfuko wake. Akikataa, mshukuru uende. Ishike kwa kingo, uiinamishe polepole chini ya taa. Mkunjo ambao hukuuona hujitokeza kama uzi mwembamba. Kisha tazama kingo kwa lenzi. Kadi ya mwaka 1910 yenye pembe zilizochakaa na ukingo mmoja mweupe, ulionyooka kama umekatwa jana, imepitiwa na wembe. Rula peke yake haitoshi kuthibitisha kadi imekatwa: T206 zenye tangazo la sigara za American Beauty mgongoni ni nyembamba tangu kiwandani. Na usidhani kasha la plastiki linamaliza maswali. Ile T206 maarufu ya mchezaji Honus Wagner, iliyowahi kuwa ya nyota wa hoki Wayne Gretzky, ilikuwa kwenye kasha la PSA, na mwaka 2013 Bill Mastro, mnadishaji aliyewahi kuimiliki, alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo.

Tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno nayo iwe mfukoni. Karatasi ya kabla ya Vita Kuu ya Pili haikutiwa kemikali za kuing'arisha, kwa hiyo kadi ya zama hizo ikiwaka buluu, irudishe mezani.

Siku ya kwanza zunguka, uliza, andika namba za meza. Jumapili baada ya chakula cha mchana, wanapoanza kufunga maboksi, rudi. Usiulizie kadi moja moja. Panga sita au saba mbele yake, weka noti kando, uliza: "Zote hizi, bei ya mwisho ngapi?" Akitaja, nyamaza kidogo. Mara nyingi anashuka tena mwenyewe.

Kabla hujaondoka mwachie orodha ya kadi zinazokupungukia pamoja na simu yako. Wauzaji hawa hawaleti kila kitu ukumbini.