Jinsi ya kutembelea jumba la Ightham Mote bila kukimbizana na vyumba

Nimeshapeleka ndugu na marafiki wengi hapa wakija Uingereza, na karibu wote wanafanya kosa lilelile, wakifika tu wanakimbilia mlangoni. Jumba hili la Kent lilianza kujengwa kama mwaka 1320 na limezungukwa na maji pande zote, sasa ukiingia mbio mbio unaliacha nje hujaliona.

Hatua ya 1: usafiri. Treni kutoka London Bridge au Charing Cross mpaka Sevenoaks, kama nusu saa hivi, halafu teksi. Mwambie dereva "Aitam Mout", ukilitamka jina vile lilivyoandikwa hatakuelewa, na mpatane kabisa saa ya kukurudia maana kule ni shamba. Saa za kufungua angalia kwenye tovuti ya National Trust, shirika linalotunza jumba hili, kabla hujatoka nyumbani.

Hatua ya 2: zunguka handaki la maji kwanza, mzunguko mzima, polepole. Chini utaona mawe, juu mbao na lipu, na ukuta huu haufanani na ule, kwa sababu kila mwenye nyumba alibomoa hapa akaongeza pale mpaka vyumba vikapita 70. Mimi hapa natumia nusu saa na sijuti.

Hatua ya 3: pita lango, simama katikati ya ua. Mama mdogo wangu wa Lamu alisimama hapo kimya, kisha akaniambia, "Mwanangu, kumbe na wao wana kiwanda!" Kiwanda kwa watu wa Lamu ni ua wa ndani ya nyumba. Na kweli, nyumba nzima imegeukia ndani kama zile za kwetu, wa nje anaona ukuta tu. Pembeni kuna kibanda kikubwa cha mbwa cha miaka ya 1890, na hicho nacho kinalindwa kisheria kwa daraja lilelile la juu kama jumba.

Hatua ya 4: ndani sasa. Ukumbi mkubwa inua kichwa uangalie paa, ila muda wako uweke kwenye kanisa dogo la juu. Dari yake ni ya mbao, imepindwa kama pipa, imechorwa rangi enzi za Henry VIII. Tafuta waridi la mfalme, halafu tafuta komamanga, hiyo ni alama ya mkewe Catherine wa Aragon. Ndoa ilivunjwa 1533 lakini komamanga bado liko pale, rangi imefifia, ukisogea utaona mbao zilivyopasuka. Mimi kila nikienda nalitafuta kwanza.

Ongea na wale wanaojitolea vyumbani, waulize habari za Charles Henry Robinson, Mmarekani aliyenunua jumba mwaka 1953 likiwa hoi, na lilipofika mikononi mwa National Trust mwaka 1985 kazi ikawa ndiyo inaanza, matengenezo yalianza 1989 yakaisha 2004, wanafungua mbao na mawe kipande kwa kipande na kurudisha. Ndiyo maana usiguse kuta tafadhali, na watoto washike mkono.

Hatua ya 5: usiondoke bila kutembea shambani. Vaa viatu vya kuvumilia matope, upite bustani ya matunda, uingie msitu wa Scathes Wood. Ukienda majira ya machipuko, chini ya miti kunakuwa na maua ya buluu kila mahali, hapo hata simu utasahau.